Picha yenye kuandika, picha yenye kufuta: mwili wa mwanamuke mbele ya macho ya watu

Katika nyumba ya wazazi wangu, ku Katuba, kulikuwa picha moja tu ukutani, juu ya kiti cha baba. Baba alikuwa mufanyakazi wa Gécamines. Picha ile aliinunua mbele mimi nizaliwe, kwa fundi mumoja mwenye alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na picha zake chini ya kwapa. Ilikuwa mamba muntu. Watu wa umri wangu wanaikumbuka, na wakubwa zaidi: mwanamuke amekaa kando ya maji, juu ni mutu, chini ni samaki, nywele ndefu zinashuka mupaka mabegani, nyoka iko karibu yake, ku mukono amevaa saa. Na ngozi yake ni nyeupe. Nilikuwa ninaiangalia kila siku wakati wa kula. Hakuna mutu hata mumoja mwenye aliniambia kama yule ndiye muzuri na mama yangu hapana. Lakini picha haina lazima ya kusema. Mama yangu alikuwa mweusi, na picha yake haikuwa ukutani.

Ninaanza na picha ile juu ya kosa moja lenye tunafanya mara nyingi wakati tunazungumuza juu ya wasichana wa leo. Tunasema: televizio ndiyo imeharibu watoto, telefone ndiyo imeharibu watoto. Tunasema kama vile mbele ya televizio macho yetu yalikuwa safi. Haiko vile. Watu wa kila wakati waliweka picha ya mwanamuke muzuri mbele ya macho ya wasichana wao, na wasichana walijaribu kufanana nayo. Jambo lenye lilibadilika ni lingine.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa. Kila siku ninafundisha wanafunzi kusoma maandiko na kuuliza: nani anasema? Anasema na nani? Anataka nini? Katika kurasa hizi ninapenda tusome picha kwa namna ile ile. Tutaona kama kuna picha zenye zinaandika juu ya mwili, na kuna zenye zinafuta. Tutaona pia kama kuna picha zenye zinatangaza bei yao, na zingine zenye zinaificha.

1. Mamba muntu alisema bei yake

Katika miaka ya 1970, picha za mafundi wa kwetu zilikuwa ndani ya nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, watafiti wenye walifanya kazi katika Katanga miaka ile, walikuta kama wenyeji wanaita picha hizo kwa neno moja: ukumbusho. Kulikuwa picha ya Colonie belge, yenye kuonyesha mufungwa anapigwa fimbo na Muzungu anaangalia. Kulikuwa picha za Lumumba. Kulikuwa picha za kijiji. Tshibumba Kanda Matulu, mumoja wa mafundi hao, alichora historia nzima ya inchi katika picha zaidi ya 100, mwaka wa 1973 na 1974. Kati ya picha zote zenye watu walinunua, mamba muntu alikuwa wa kupendwa sana.

Juu ya nini mufanyakazi wa mugodi aweke mwanamuke wa maji ndani ya nyumba yake? Wazee walitueleza. Mwanaume anamukuta kando ya maji, anapata unywele wake ao kitana chake. Usiku mwanamuke anakuja katika ndoto kuomba kitu chake. Hapo wanapatana. Atakupa makuta, atakupa gari, atakupa cheo. Lakini utachunga siri, na utalipa: labda utaacha bibi yako, labda mutu wa jamaa yako atakufa.

Basi tusimuonee mamba muntu. Ni kweli alizoeza macho yetu kuona uzuri katika weupe na nywele ndefu. Lakini alitangaza bei. Hakuna mutoto wa kwetu mwenye aliangalia ile picha bila kusikia ile hadithi. Na nyoka ilikuwa pale pale, ili hata mwenye hakusikia hadithi aone hatari kwa macho. Fundi wa picha alikuwa mukweli kupita watu wa matangazo wa leo.

2. Mwili wenye kuandikwa

Nkambo wangu, mama wa mama, alikuwa wa Kabongo, Muluba kabisa. Tumboni na mugongoni alikuwa na alama, zimepangwa mistari kwa mistari. Katika uzee wake, wakati tulikuwa tunamusaidia kuoga, alituacha tuziguse. Zilikuwa sawa maandiko ya vipofu: vidole vinasoma. Hakuzionea haya hata kidogo. Haya alikuwa nayo juu ya meno yake yenye yalianguka.

Mutu mwenye anataka kuelewa desturi ile, aangalie viti vya wafalme wa Waluba. Vingi viko leo katika musée za Ulaya na Marekani. Mwanamuke wa mbao anabeba kiti juu ya kichwa na ku ncha za vidole vyake. Macho yamefungwa nusu. Nywele zimesukwa kwa ufundi mukubwa, na tumbo limejaa alama. Mary Nooter Roberts na Allen Roberts, wenye walitoa kitabu kikubwa juu ya sanaa ya Waluba mwaka wa 1996, walieleza jambo lenye nkambo wangu hakulisema kwa maneno lakini alilijua: kwa Waluba mwanamuke hazaliwe muzuri, anatengenezwa muzuri. Uzuri ni kazi. Kuna kazi ya alama. Kuna kazi ya nywele, zenye zilichukua saa nyingi, na usiku zililindwa juu ya kiegemeo cha mbao chenye kuchongwa. Na mwili wenye kutimilika vile uliweza kubeba ukumbusho wa ufalme, sawa lukasa, ule ubao wa shanga wenye wajuzi walikuwa wanagusa kwa vidole na kusoma historia.

Sitaki kudanganya musomaji. Zamani haikuwa paradiso. Wembe ulikuwa wembe, damu ilikuwa damu, na kidonda kingine kilioza. Musichana hakuulizwa sana. Kwa Wamangbetu, kule kaskazini-mashariki, walikuwa wanafunga kichwa cha mutoto muchanga kamba ili kirefuke kwa nyuma; mutoto wa majuma machache utamuuliza nini? Desturi ile ilizimika kuelekea miaka ya 1950, na mimi siililie.

Lakini nikilinganisha na leo, ninaona tofauti tatu. Ya kwanza: mwenye kushika wembe alikuwa anakujua. Alikuwa mama wa kijiji mwenye alikuona ukikomaa, na kesho mutakutana tena ku kisima. Ya pili: kazi ilikuwa na mwisho. Siku alama zilimalizika, musichana alikuwa kamili, basi. Ya tatu: ile kazi iliongeza kitu juu ya mwili, haikuondoa. Iliandika: huyu ni wa kwetu, huyu amekomaa, huyu alivumilia.

3. Wakati kipimo kilitoka mukononi mwetu

Mwaka wa 1924, magari ya Citroën yaliondoka Algeria ili kuvuka Afrika. Safari ile, yenye Wafaransa waliita Croisière noire, ilimalizika mwaka wa 1925. Ilipita katika Kongo, na kule kwa Wamangbetu walimupiga foto mwanamuke mumoja, jina lake Nobosudru. Kichwa kirefu, nywele zimeinuka sawa taji, anaangalia pembeni. Filamu ya Léon Poirier ilitoka mwaka wa 1926, na uso wa Nobosudru ukawa kama muhuri wa safari nzima.

Tuisome picha ile vizuri. Kwao, kichwa kile kilisema: huyu ni mutu wa heshima, wazazi wake walimutengeneza kwa uangalifu. Ku Paris kilisema neno lingine kabisa, na Nobosudru hakuwa pale kusahihisha. Kichwa kilibaki kile kile, lakini wasomaji walibadilika. Toka wakati ule, picha za wanawake wetu zilienda, na picha za wanawake wengine zilikuja: ku kalendari, ku pakiti za sabuni, ku gazeti za mitindo, kisha ku televizio, na leo ku telefone yenye musichana analala nayo kando ya kichwa.

Walau Nobosudru, jina lake tunalijua. Katika muziki wa Kinshasa kuna desturi ya libanga: mwimbaji anataja majina ya watu katikati ya wimbo, na wengi wao wanalipa ili watajwe. Mufanyabiashara anatajwa, mukubwa wa serikali anatajwa. Lakini angalieni klipu na macho ya mwalimu. Mara nyingi wasichana wenye kucheza, kamera inaanza kwao ku kiuno na kumalizika ku kiuno. Jina la mwenye alilipa tunalisikia mara tatu. Jina la mwenye alitoka jasho hatulisikie.

4. Picha yenye kufuta

Mufano mumoja wa mbali utatusaidia, kwa sababu watu wale wanafanana nasi katika jambo hili: walipenda mwanamuke mwenye mwili. Ni visiwa vya Fiji, katika bahari ya Pasifiki. Katika jimbo la Nadroga, televizio ilifika mwaka wa 1995. Munganga Anne Becker na wenzake waliuliza wasichana wa shule mwaka ule, wakati televizio ilikuwa mupya kabisa. Mwaka wa 1998 walirudi na kuuliza wasichana wa umri ule ule. Mara ya kwanza hakukuwa hata musichana mumoja mwenye alisema kama anajitapisha ili apunguze kilo. Mara ya pili, wasichana 11 kwa 100 walisema wanafanya vile. Miaka 3 tu. Mutu asituambie basi kama picha ni muchezo.

Kwetu jambo ni la namna ingine, na labda ni gumu zaidi, kwa sababu picha zinaomba mambo mawili yenye hayapatane. Kipimo cha nyumbani hakikufa: shangazi bado anasema mwanamuke mwembamba ni aibu ya bwana yake, watu watasema hamulishe. Juu ya kipimo kile kunakuja kipimo cha klipu: kiuno kidogo, matako makubwa, uso mweupe. Ndiyo maana musichana mumoja anameza vidonge vya deksametazone na siproeptadine ili anenepe, na wakati ule ule anajipakaa krema ili ageuke rangi. Siproeptadine ni dawa ya aleji. Deksametazone ni dawa kali yenye munganga anapaswa kupima, na mutu akiitumia siku nyingi mwili unazoea na unasahau kazi yake. Lakini zinauzishwa ku soko bila karatasi ya munganga, kama bonbon.

Tusome sasa chupa ya krema. Mbele kuna uso wa mwanamuke. Hauna kovu, hauna jasho, hauna umri. Kuna maneno makubwa yenye kuahidi mwangaza. Yenye iko ndani ya chupa imeandikwa nyuma, kwa herufi zenye mimi na miwani yangu siwezi kusoma, ao haikuandikwa kabisa. Hidrokinoni? Umoja wa Ulaya uliikataza katika krema za kueupisha ngozi tangu mwaka wa 2001. Zebaki? Inaharibu figo. Kortizoni kali? Inafanya ngozi kuwa nyembamba, na kidonda kinakawia kupona. Ile ndiyo nyoka. Waliitoa ku picha na kuiweka ndani ya chupa.

Na kazi hii haina mwisho. Ukiacha, rangi inarudi. Ndiyo maana chupa haimalizike. Mwenye kuuza hakujui, na hamutakutana ku kisima. Na zaidi ya yote, haiandike kitu: inafuta. Inafuta rangi yenye ulipewa na baba, inafuta kovu la siku ulianguka ku shule. Telefone nayo inafanya vile vile, kwa kidole kimoja: mistari ya uso inakwenda, pua inapunguka, mutu anabaki sawa ubao wenye mwalimu amemaliza kufuta.

5. Foto ya arusi

Sasa niseme jambo la nyumbani. Mwenyewe alinipa ruhusa, nisimutaje jina tu. Ni binti ya mudogo wangu. Kwa desturi yetu ni mwana wangu, ananiita mama mukubwa. Wakati aliolewa, mupiga foto alizitengeneza foto kwa mashini mbele ya kuzitoa, kama wengi wanavyofanya. Alimueupisha uso. Mikono hakuigusa, labda alisahau. Foto kubwa ilitundikwa ku salon: uso wa mwanamuke mumoja, mikono ya mwingine. Sisi wote tuliisifu.

«Mama mukubwa, angaria vile niko muzuri pa foto,» aliniambia.

«Kweli, uko muzuri,» nilimujibu. Juu ya mikono sikusema neno.

Wageni walikuwa wanaingia, wanaangalia foto, wanaangalia mwenye nyumba, wanacheka: «Uyu wa pa foto ni nani?» Ilikuwa mazungumzo ya kuchekesha tu. Lakini alianza kujipakaa. Hakutaka kufanana na mwanamuke wa klipu. Alitaka kufanana na foto yake mwenyewe. Nyuma ya miaka miwili uso ulikuwa mweupe, na viungo vya vidole vilibaki vyeusi, kwa sababu pale krema haishike vizuri. Alikuwa amefika. Alifanana na foto kabisa, hata mikono.

Kisha mimba. Mutoto alikaa vibaya, wakamupasua. Mutoto alitoka muzima. Lakini ngozi ya mama ilikataa uzi. Walishona, kidonda kikafunguka. Walishona tena, uzi ukakata ngozi sawa unakata karatasi yenye kulowa. Munganga, mama mumoja mwenye kuchoka, alitutoa inje na kutuuliza bila kukasirika: «Alijipakaa miaka ngapi?» Hakuna mwenye alijibu. Sisi wote tulijua hesabu. Tulikaa kule majuma tano, tukalipa yenye tulikuwa nayo na yenye hatukuwa nayo. Leo amepona. Krema ameiacha, na rangi yake inarudi kipande kwa kipande.

Ninajiuliza: kosa ni la nani? La mupiga foto? La mwenye kutengeneza krema? Ndiyo. Lakini liko pia katika lile neno «kweli, uko muzuri», lenye lilitoka ku kinywa changu. Tunapenda kuambia wasichana kama uzuri wa mwanamuke ni tabia. Kisha, wakati mumoja wao anaingia, neno letu la kwanza ni: «Umeeupa, umekuwa muzuri!» Wasichana hawako wajinga. Wanasikia maneno yote mawili na wanajua lenye tunaamini. Televizio ya kwanza ya mutoto ni kinywa cha mama yake, na cha mama mukubwa wake.

6. Tufanye nini?

Kukataza peke yake hakutoshe. Katika miaka ya 1970, utawala wa Mobutu, kwa jina la authenticité, ulikataza wanawake kuvaa suruali na kutaka wavae pagne. Pagne ni nguo yetu, ninaivaa na furaha. Lakini amri ile nayo ilikuwa picha yenye wanaume waliweka juu ya mwili wa mwanamuke, na wakati amri ilianguka, suruali zilirudi. Serikali izuie zebaki na kortizoni ku mipaka na ku masoko, hiyo ni kazi yake. Sisi tuko na kazi ingine.

Ku shule, kila mwaka ninaomba wanafunzi, wavulana pamoja na wasichana, kila mumoja alete picha moja ya mwanamuke. Wanajibu maulizo matatu: nani aliitengeneza? Anauzisha nini? Nyoka iko wapi? Ulizo la tatu linawachekesha, kisha linawanyamazisha. Mwaka mumoja muvulana alileta foto yenye dada yake alijipiga na telefone. Aliandika: «Mwenye aliitengeneza ni yeye mwenyewe. Hauzishe kitu. Nyoka iko katika maneno yenye watu waliandika chini.» Nilimupa 18 juu ya 20.

Ku nyumba, tunaweza kuomba mupiga foto atuache vile tulivyo. Ni makuta yetu, ni uso wetu. Na sisi wamama wenye kuwa na mistari ya uzazi tumboni, tufanye kama nkambo wangu: tuache binti zetu waione bila sisi kukimbilia nguo. Hatutarudisha wembe, na hatupaswe kuurudisha. Lakini mwili wetu umeandikwa tayari, na kuishi na kuzaa na kufanya kazi. Mutu afundishe mutoto kusoma maandiko yale mbele mwingine aje na kifutio.

Kwa kumaliza, ninarudi kule hospitalini. Siku moja wamama wa jamaa waliingia kuangalia mutoto. Ni musichana. Mumoja akasema: «Iko mweusi, lakini iko muzuri.» Mwingine akageuza kichwa chake polepole na kuangalia sikio, pale juu, kwa sababu watu wanasema rangi ya kweli ya mutoto inaonekana pale. Mama yake alikuwa amelala ku kitanda cha kando na kidonda wazi. Na mimi, mwalimu, mwenye kuandika mambo haya yote, niliinama pia niangalie sikio.

Mutoto yule sasa anatembea. Ile foto ya arusi iko bado ku salon. Tulitaka kuiondoa, mama yake akakataa. Alisema ibakie pale. Siku mutoto atauliza juu ya mikono, atamueleza.